Mbuni wa Kakesio

Daftari la kikundi chetu pale Karatu ni kaunta buku nene lenye jalada jeusi. Kila mahali tulipowahi kutazama ndege pana ukurasa wake: Mang'ola, ufuko wa Ziwa Manyara, ukingo wa msitu, hata dimbwi la nyuma ya soko linalokauka kila kiangazi. Juu ya ukurasa mmoja mtu aliandika "Kakesio" kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini yake, kisha hakuongeza neno. Kila nilipolifunua daftari nilikutana na weupe ule. Februari nikaamua kwenda.

Kikundi chenyewe hakina ofisi wala mhuri. Tuko kumi na wawili: walimu, madereva wa utalii, fundi pikipiki mmoja, na mama muuza mboga ambaye masikio yake humtambua ndege kabla macho yetu sisi wengine hayajamwona. Wengi wetu tulianzia Malihai, zile klabu za shuleni zilizoanza mwaka 1980 na makao yake yakawa Arusha. Mimi nilijiunga nikiwa kidato cha pili, nikapanda miti, nikaimba nyimbo za tembo na faru. Ndege walinijia baadaye sana, siku niliyoazimwa darubini na kumwona kwezi mmoja juani, bluu na kijani na kifua cha rangi ya chungwa, ndege niliyekuwa nimempita maisha yangu yote nikimwita "ndege" tu. Tangu siku ile nimekuwa na deni la majina.

Kutoka Karatu hadi Kakesio unamaliza siku, hata matairi yakiwa mazuri na mvua ikikuhurumia. Tulipita lango la Lodoare alfajiri, tukapanda msituni ndani ya ukungu, tukalizunguka kreta bila kusimama, kwa kuwa ndege wa kreta wana watu wa kutosha wa kuwatazama. Baada ya bonde la Malanja tuliiacha barabara ya Serengeti na magari yake yote, tukashika njia ya Endulen. Endulen pana hospitali, pana maduka, pana vijana wa pikipiki wamejifunika mashuka mekundu. Mbele ya hapo barabara inakuwa ni makubaliano tu kati ya dereva na ardhi. Tulikuwa watatu garini: dereva, mimi, na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana huku huwezi kutembea kwa miguu porini bila yeye.

Kabla ya Kakesio unapita jirani na Laetoli. Mtoto yeyote aliyesoma Tanzania amesikia habari za nyayo zile: mwaka 1978, timu ya Mary Leakey, viumbe wa jamii ya binadamu waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Ambalo mimi sikufundishwa ni kwamba majivu yale yale yalipokea nyayo za kanga. Walipita hapo kanga, wakiparura kama wanavyoparura leo, na matone ya rasharasha yakaacha vitundu vyake pembeni ya vidole vyao.

Jambo jingine nililisoma nikiwa mtu mzima, nikalirudia mara mbili kwa sababu sikuamini macho yangu. Mwaka 2005 Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York na mwenzake Charles Msuya walichapisha matokeo ya kuchunguza vipande vya maganda ya mayai yaliyogeuka mawe, vilivyookotwa katika eneo hili. Walipima unene wake, wakatazama vitundu vidogo ambavyo kifaranga hupumulia ndani ya yai. Katika tabaka za juu waliona ganda la mbuni kama huyu tunayemjua. Katika tabaka za chini, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.8, ganda lilikuwa tofauti. Alikuwa mbuni mwingine, aliyetoweka. Wakampa jina: Struthio kakesiensis, yaani mbuni wa Kakesio.

Nilikuwa na kipande cha karatasi mfukoni nilichonakili jina hilo. Garini, tukiyumba kwenye makorongo, nikaanza kuhesabu ndege ambao nilitarajia kuwakuta mbele na majina waliyopewa vitabuni. Kasuku mdogo wa kijani ni wa Fischer, msafiri Mjerumani aliyefariki mwaka 1886. Mwaka uliofuata ndege akabatizwa jina lake. Tumbusi wa majabali ni wa Rüppell, Mjerumani pia. Kwezi mwenye macho mekundu ni wa Hildebrandt. Hondohondo wa vichakani ni wa von der Decken. Korongo mweusi anayefuata mvua ni wa Abdim, ofisa wa kaskazini ya Sudan aliyemsaidia Rüppell katika safari zake karne ya 19. Sina kinyongo na watu hao. Walitembea, walitazama, waliandika. Lakini nilijiuliza inakuwaje kijiji kizima kikae na ndege hawa vizazi na vizazi, kisha ndege pekee duniani mwenye jina la kijiji hicho awe ganda la yai lililokufa zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita.

Tulifika jua likielekea magharibi. Kakesio iko pembe ya kusini magharibi ya Ngorongoro. Upande mmoja ardhi inashuka kwenda bonde la Eyasi, upande mwingine ni pori la Maswa na Meatu, na kaskazini tambarare zinajinyoosha hadi Ndutu na Serengeti. Watoto walitujia wakiinamisha vichwa tuwaguse. Wanawake niliwaamkia "Takwenya," wakaitikia "Iko." Mwenyeji wangu, mfugaji mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba anakuja mwalimu anayetafuta ndege. Alinitazama mikononi.

"Unawatafuta wa nini, mwalimu?"

"Kuwaandika."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la maana, akaniuliza nitaanza na yupi.

Jioni ile, tukiwa tumekaa kwenye vigoda nje ya boma, ndipo niliposikia habari ya taji. Kijana wa Kimaasai akishatahiriwa huvaa nguo nyeusi na kupaka uso chokaa, na kwa miezi ya kupona huitwa osipolioi. Katika miezi hiyo vijana hao, isipolio kwa wingi, hutembea na upinde na mishale yenye ncha butu, wakiwinda ndege wadogo. Ngozi ya ndege hujazwa ndani, ikakaushwa, ikafungwa kwenye utepe wa kichwa, hadi kijana anatembea na duara la ndege kuzunguka uso wake. Nilikuwa nimeona picha za mataji hayo tangu utotoni. Sikuwahi kuzungumza na mtu aliyelivaa kuhusu ndege wenyewe.

"Mimi nilikuwa na thelathini na wanane," alisema. Kisha akaanza kuwataja, si kwa kujisifu, bali kama mtu anayetaja wenzake wa rika. Huyu hurudi tawi lile lile hata umrushie mara tatu. Huyu ukimpata mmoja wengine hawakimbii, huja kumtazama. Huyu mwenye mkia mrefu hawezi kuruka vizuri kukiwa na upepo. Huyu wa zambarau na buluu, anayejiviringisha hewani, hukaa juu ya kichaka kikavu, kamwe si kibichi. Mengi aliyosema niliweza kuyahakikisha kwa yale niliyoyaona mwenyewe kwa darubini kwa miaka tisa, na mengine sikuwa nimeyaona bado.

Nilimuuliza kama anajuta kuwaua. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu la aina fulani, lile ambalo watu hutupatia sisi wa vikundi vya mazingira kwa sababu wanajua ndilo tunalotaka. Hakunipa.

"Ningewajuaje?" akasema. Kisha, baada ya kimya: "Mwanangu wa kwanza alivaa saba tu. Alikuwa shule."

Nimelitafakari jibu hilo tangu siku ile. Mimi ni mwalimu, nimetumia maisha yangu kuwavuta watoto wakae darasani, na sitaacha. Lakini ni kweli kwamba darasa limemtoa kijana yule porini katika miezi ambayo baba yake alijifunza ndege thelathini na wanane kwa kuwanyatia, na darasani hakuna aliyempa kitu mahali pake. Katika vitabu vyangu vya kufundishia ndege ni kuku, bata, tai na mbuni. Hakuna mtu aliyepanga mtoto wa Kakesio asahau ndege wa Kakesio. Imetokea tu, kama maji yanavyopungua kisimani wakati kila mtu yuko kwenye shughuli nyingine.

Kesho yake asubuhi tulitoka na ng'ombe. Wakati huo wa mwaka nyumbu huzaa kwenye tambarare za kaskazini, na wafugaji huepusha ng'ombe na maeneo hayo kwa sababu nyumbu wenye ndama hubeba ugonjwa unaoua ng'ombe, hivyo tulibaki upande wa miti. Miguuni mwa ng'ombe walikimbia ndege wadogo wa njano wenye mikia inayotikisika, wageni kutoka Ulaya na Urusi, wakidaka nzi walioinuliwa na kwato. Mbele kidogo, katika uwazi, korongo weupe kama sitini walikuwa wakitembea polepole kwa mstari, wakiokota panzi.

"Hawa huondoka kabla ya masika kushika," mwenyeji wangu alisema. "Wanakwenda wapi?"

Nikamweleza njia yao: juu ya Sudan na Misri, kupitia Sinai, mlango wa bahari wa Uturuki, hadi mapaa ya nyumba za Poland na Ujerumani. Kisha nikamsimulia kisa ambacho huwasimulia wanafunzi wangu. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua korongo hao wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wengine waliamini ndege hujificha chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mshale umepenya shingoni, mshale wa mti wenye urefu wa sentimita 80 hivi, wa Kiafrika. Ndege alikuwa amepigwa huku Afrika, hakufa, akaruka na mshale wake hadi kwao. Mpaka leo yumo katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Rostock, amekaushwa, mshale ungali shingoni. Ndiye aliyewaonyesha kwa macho kwamba korongo wao huishi kwetu nusu ya mwaka.

Alisikiliza hadi mwisho. "Na aliyerusha mshale alikuwa nani?"

Nimekisimulia kisa hicho labda mara hamsini. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali hilo, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Jina lake halikuandikwa popote. Jina la kijiji cha Ujerumani lipo, mwaka upo, urefu wa mshale upo.

Saa nne hivi alisimama ghafla, akaelekeza fimbo angani kusini. Sikuona kitu. Nikainua darubini: tumbusi, mbali sana, nukta nne, kisha saba. "Bado wanatafuta," akasema. Tuliendelea na ng'ombe. Baada ya robo saa akasimama tena. "Sasa wanashuka. Angalia miguu." Kweli, ndege walikuwa wameteremsha miguu, inaning'inia kama magurudumu ya ndege ya abiria inayotua. Tumbusi anayezunguka na miguu imekunjwa anauliza, aliyeteremsha miguu amepata jibu. Mchungaji aliyepoteza ng'ombe huanzia hapo.

Tulikwenda, askari mbele. Alikuwa pundamilia, mzee, aliyekufa usiku bila alama ya simba. Nilihesabu tumbusi 31. Wengi walikuwa wale wa mgongo mweupe, wakigombana, wamechafuka hadi mabegani. Watatu walikuwa wa Rüppell. Wawili walikuwa wale wakubwa sana wenye ngozi nyekundu iliyokunjamana shingoni, na wenzao wote walikuwa wamewapisha. "Hao ndio wenye kisu," mwenyeji wangu akanong'ona. "Wasipokuja, hawa wadogo hukaa na njaa juu ya nyama. Ngozi inawashinda." Vitabu husema hivyo hivyo, kwa maneno mengi zaidi.

Katika Kimaa ndege kwa jumla ni enmotonyi, na tumbusi ni olmotonyi. Ni neno lile lile likibadilishiwa kiambishi, la kwanza la kike, dogo. La pili la kiume, kubwa. Ndege aliye ndege zaidi ya wengine wote, ndivyo ninavyolielewa.

Niliketi chini ya kichaka, nikaandika 31, nikakumbuka tarakimu nyingine. Oktoba 2015 spishi nne za tumbusi wa Afrika, wakiwemo hawa wa mgongo mweupe na hawa wa Rüppell, waliingizwa katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Juni 2019 huko Botswana tumbusi 537 walikufa kwa sumu iliyowekwa na majangili kwenye mizoga ya tembo. Mia tano thelathini na saba, kwa mizoga mitatu. Majangili huweka sumu kwa sababu tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali tembo alipouawa. Mahali kama Kakesio hatari ina sura nyingine: simba amekula ng'ombe, mwenye ng'ombe ana hasira na huzuni, na kuna dawa ya wadudu wa mashambani inayouzwa kwenye vifungashio vidogo. Anapaka mabaki ya ng'ombe wake mwenyewe akimngoja simba arudi. Wa kwanza kufika si simba.

Tulizungumza jambo hili waziwazi, mwenyeji wangu, askari na mimi, tumekaa upande wa upepo. Hakuna aliyejifanya halijawahi kutokea katika nchi za wafugaji. Mwenyeji wangu alisema ng'ombe aliyepotea akipatikana kabla ya giza, hasira haizaliwi. Ndiyo kazi wanayofanya vijana wanaoitwa ilchokuti katika mradi wa KopeLion, ulioanza Ngorongoro mwaka 2011: kuwatangulia wachungaji na habari za simba walipo, kusaidia kutafuta mifugo iliyopotea, kuziba maboma. Mradi ni wa simba, jina lake linasema. Lakini kila ng'ombe aliyerudishwa zizini jua halijazama ni mzoga mmoja uliokosa kupakwa sumu, na kwa mzoga mmoja nimewahesabu mwenyewe thelathini na mmoja.

Sasa nifike kwenye mti.

Ndani ya boma la mama mmoja mzee, jirani ya mwenyeji wangu, kuna mgunga mkubwa, oltepesi kwa Kimaa, umetandaza matawi kama mwavuli juu ya zizi la watoto wa mbuzi. Nilipoingia asubuhi ya tatu mti ulikuwa unapiga kelele. Matawi yote yameelemewa na viota vya nyasi, vikubwa, vya ovyoovyo, na ndani na nje ya viota walipishana ndege wa kahawia wenye magamba kifuani, macho ya rangi ya maji ya barafu, na mkia ambao ukipigwa na jua huonekana mwekundu wa kutu. Huyu ni mnana mkia mwekundu. Ni mmoja peke yake katika jenasi yake. Ukiacha wachache wanaovuka mpaka kuelekea Maasai Mara, hapatikani popote duniani ila kaskazini ya Tanzania. Watu hupanda ndege mbili na gari siku mbili kuja kumwona. Hapa anadondosha majani makavu kwenye chungu cha maziwa.

Kisha nikawaona wengine. Kwenye kiota kimoja cha zamani kilichotoboka alichungulia kasuku mdogo, uso wa rangi ya embe lililoiva, duara jeupe kuzunguka jicho. Kasuku wa Fischer hulala na kuzaa kwenye mashimo ya miti, na pia huchukua viota vilivyoachwa na mnana huyu. Ndege wawili wa nchi yetu, katika mti mmoja, mmoja akiishi katika nyumba ya mwenzake.

Kasuku huyu ana historia ya kuumiza. Miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa kasuku walionaswa porini na kusafirishwa nje kwa wingi kuliko wote ulimwenguni, kwenda kukaa kwenye vitundu vya sebuleni. Tanzania ikafunga biashara yake, Umoja wa Ulaya ukazuia kuingiza ndege wa porini kwanza mwaka 2005 kisha moja kwa moja mwaka 2007, na mwaka 2016 serikali yetu ikazuia kusafirisha nje wanyama hai wa kila aina. Kila mmoja niliyemwona katika mti ule ni mjukuu wa waliokosa kunaswa.

"Yeyo," nikamuuliza mama mwenye boma kupitia kwa mwenyeji wangu, "kwa nini mti huu haukukatwa? Boma lote limezungushiwa miiba ya migunga, na huu uko karibu kuliko yote."

Alinishangaa. Akaokota chini ganda la mgunga lililojikunja kama pete, akalitikisa mbegu zikalia, akamtupia mtoto wa mbuzi, naye akalitafuna mara moja.

"Ni chakula cha hawa, mwanangu. Kiangazi majani yakiisha, mti huu ndio unaonyonyesha."

"Na ndege?"

"Wanapiga kelele," alisema. "Lakini chui akija usiku ndio wanaoamka kwanza."

Niliandika jibu lake lote. Mama yule hajawahi kuitisha mkutano wa mazingira, na sitamvisha joho la mhifadhi ambalo hakuliomba. Ametunza mti kwa ajili ya mbuzi, na ndege wakapata nyumba. Nadhani sisi wa vikundi tunapaswa kuanzia kwenye sababu ya namna hiyo. Kule Kinangop, Kenya, chini ya milima ya Aberdare, wanakijiji walianzisha kikundi cha Marafiki wa Nyanda za Kinangop kwa ajili ya ndege mmoja wa majani, mwenye kifua cha njano, asiyepatikana nje ya Kenya. Naye kavishwa jina la Mwingereza, Sharpe. Nyasi zake zilikuwa zikilimwa viazi na kabichi. Kikundi kiliona kwamba mkulima hatabakiza nyasi kwa sababu ya ndege, ila atazibakiza kwa sababu ya kondoo. Basi wakajifunza kusokota sufu, wakawa wanafuma na kuuza pale Njabini, na kondoo wakawa sababu ya nyasi kubaki. Nikiwa chini ya oltepesi niliona kwamba mama huyu na watu wa Kinangop wangeelewana bila mkalimani.

Alasiri tulipita kwenye boma lililohamwa. Tangu mwaka 2022 kaya kutoka maeneo mbalimbali ya Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, Handeni, katika mpango wa serikali. Mwenyeji wangu alisema tu ni la nani, nami sikumhoji zaidi. Hilo ni jambo kubwa, na nilikuwa mgeni wa siku tatu. Uzio ulikuwa umelala. Palipokuwa zizi nyasi zilikuwa fupi, za kijani kilichokolea kuliko penginepo pote, na juu yake walitembea ndege wengi kuliko tuliowaona asubuhi nzima: wale wa mikia inayotikisika, kwezi, na ndege karani mmoja akipiga hatua ndefu na kalamu zake kisogoni. Samadi haifi haraka. Mwaka 2018 watafiti waliochimba maboma ya kale huko Narok, Kenya, walichapisha kwamba udongo wa mazizi bado una rutuba hadi baada ya miaka 3,000, na madoa hayo ya majani mazuri yaliyotapakaa nyikani ni kazi ya wafugaji wa kale. Hivyo ndege watalikuta boma hili muda mrefu baada yetu sote. Nilichokihofia nikiwa pale ni majina. Majina hayaachwi ardhini kama samadi. Yanakwenda na watu, na mtoto atakayekulia Handeni atajifunza ndege wa Handeni.

Usiku wa mwisho tuliwaita wazee wawili na wachungaji wadogo, tukafungua kaunta buku kwenye ule ukurasa mweupe, kurunzi imeegemezwa kwenye birika. Nilionyesha picha moja moja katika kitabu, wao wakataja. Ndege mmoja wazee walimbishania hadi chai ikapoa, mmoja akisema jina hili ni la dume tu, mwingine akisema jina hilo ni la huko Loliondo. Kwa hiyo orodha yenyewe siichapishi hapa. Wamenitaka nisubiri hadi wamwulize mzee mwingine aliye mbali malishoni, na nimewaahidi. Mchungaji mmoja, mvulana wa miaka kumi hivi, alikuwa akiwarekebisha wakubwa kimyakimya, akimnong'oneza mwenyeji wangu sikioni. Ni yeye aliyetofautisha ndege wawili wa kahawia ambao mimi huwa nawaandika pamoja kwa kushindwa.

Tulipofika kwenye picha ya mbuni wote walisema kwa pamoja: esidai. Katika Kimaa sidai ni kitu kizuri, kinachopendeza. Nikawasimulia kuhusu ganda la yai na jina lililopewa mbuni wa kale. Mzee mmoja alitaka nilitamke tena. Kakesiensis. Akalirudia polepole, akaligeuza mdomoni, na nikaona kwamba limemfurahisha sana, akauliza kama watu wa nje wanalijua. Nikamwambia wanalijua.

Asubuhi nikifunga mizigo sikuliona daftari. Nililikuta nje, kwenye jiwe karibu na zizi. Mvulana alikuwa amepiga magoti mbele yake, mbuzi wamemzunguka, ameshika penseli yangu kwa ngumi. Alikuwa ameanza mstari mpya chini ya maandishi yangu, kwa herufi kubwa za darasa la tatu, na alikuwa akitazama mbali kwenye uwazi, akihesabu kwa midomo bila sauti kabla ya kuandika idadi.

ESIDAI, ilisomeka. WATANO. NA WATOTO.

Nikamwachia penseli amalizie kuwahesabu watoto.